Gemu za rogulaiti za kasi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wale wanaosikia majina kama Dead Cells, Hades na Vampire Survivors na kushangaa kinachowakesha watu, na pia wa wale ambao tayari wameshashikwa na wanataka kuelewa kilichowashika. Mifano mingi imetoka kwenye Dead Cells, kwa sababu naamini ndiyo gemu iliyopanga vipande vyake vizuri kuliko nyingine zote za aina hii.

Rogulaiti ni gemu ya namna gani?

Ni gemu inayochezwa kwa raundi. Unaanza mwanzo kabisa, unapita eneo moja baada ya jingine ukiokota silaha na nguvu, na ukifa raundi imekwisha. Huinuki pale ulipoanguka. Unarudishwa mlango wa kwanza. Unapoanza tena, programu imeshapanga upya vyumba, maadui na vitu vya kuokota, kwa hiyo njia uliyoipita jana haipo tena. Lakini hurudi mikono mitupu. Kuna kinachobaki: silaha mpya iliyofunguliwa, chupa ya dawa ya ziada, nguvu kidogo ya kudumu, au kipande cha hadithi.

Zile za kasi, ambazo ndizo tunazizungumzia, zinaongeza sharti la mkono. Hakuna kusubiri zamu. Adui anapiga sasa na wewe unakwepa sasa.

Zimeanzia wapi?

Mizizi yake ni gemu iitwayo Rogue, ya mwaka 1980. Michael Toy na Glenn Wichman waliitengeneza wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California huko Santa Cruz, na baadaye Ken Arnold wa Berkeley akajiunga nao. Haikuwa na picha hata moja: shujaa alikuwa alama ya @, na kila zimwi lilikuwa herufi kubwa. Ramani ilijipanga upya kila mara kwa sababu ya matamanio ya kawaida kabisa: watengenezaji walitaka gemu ambayo hata wao wenyewe ingewashangaza. Ilisambaa vyuoni pamoja na mfumo wa kompyuta wa Unix uliotoka Berkeley, na wafuasi wake, kama NetHack ya 1987, walishika utaratibu uleule wa zamu kwa zamu na kifo kisicho na marejeo.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2008. Derek Yu alitoa Spelunky bure, akiwa amechukua kifo cha kudumu na ramani isiyotabirika akavitia kwenye gemu ya kukimbia na kuruka. Ghafla kanuni za zamani, zilizokuwa za watu wenye subira mbele ya skrini ya maandishi, zikawa suala la vidole. The Binding of Isaac ikafuata mwaka 2011. Mwaka 2013 studio ya Cellar Door Games ya Kanada ikatoa Rogue Legacy, ambamo ukifa mwanao anarithi dhahabu uliyookota na kuitumia kujenga ngome ya ukoo. Kuanzia hapo mafuriko yakaanza: Nuclear Throne mwaka 2015, Enter the Gungeon 2016, Dead Cells 2018, Hades 2020, Vampire Survivors 2022.

Rogulaiki na rogulaiti zinatofautianaje?

Rogulaiki inafuata nyayo za Rogue kwa ukaribu, na ukifa haikuachii kitu ila maarifa. Rogulaiti inakuachia kitu cha kushika. Wapo wanaobishana sana juu ya mpaka huo. Mwaka 2008 watengenezaji waliokutana Berlin hata waliandika orodha ya sifa za rogulaiki halisi. Kwa anayeanza, ulizia jambo moja tu: nikifa, kinabaki nini?

Kwa nini mtu afurahie gemu inayomuua kila mara?

Kwa sababu kifo chenyewe ni kifupi, kina sababu unayoiona kwa macho, na mwanzo mpya uko sekunde chache mbele yako. Ondoa kimojawapo na raha inageuka adhabu.

Chukua gemu ndefu ya kawaida. Ukishindwa, unarudishwa nyuma kidogo na kukuta ukumbi uleule, maadui walewale wamesimama palepale, na unafanya tena ulichokifanya dakika tano zilizopita. Huko ni kurudia, na kurudia kunachosha akili hata kama mkono bado una hamu. Kwenye rogulaiti hurudii. Safari ya sasa haina silaha ulizokuwa nazo, haina vyumba vilevile, na huenda mlango wa kwanza tu ukakupa upinde ambao hujawahi kuushika. Udadisi unakushika kabla uchungu haujapata pa kukaa.

Kisha kuna suala la sababu. Katika Dead Cells, adui anapokaribia kupiga, alama ya mshangao inatokea juu ya kichwa chake. Kila adui ana mwendo wake: huyu anavuta upanga nyuma, yule anachutama, mwingine anarusha kitu kinachopasuka. Ukifa, mara nyingi unajua hasa kilichotokea. Uliiona alama ukachelewa. Au uliiona ukajidanganya kuwa pigo moja zaidi litatosha. Kosa lina mahali pake na dawa yake iko kwenye kidole chako, si kwenye duka la gemu wala kwenye nguvu ya kifaa chako.

Hapo ndipo ninapouona mvuto wote. Ni mambo machache sana katika siku ya mtu mzima yanayomjibu kwa haraka na kwa uwazi namna hiyo: umekosea hapa, jaribu tena sasa hivi. Watu husema tunacheza ili kupata zawadi. Zawadi zinasaidia, lakini mtu ambaye amemaliza kufungua kila silaha bado anaendelea kucheza, na huyo hana tena zawadi anayoifuata. Anachokifuata ni kujiona anakuwa bora.

Na anakuwa bora kweli. Bosi wa kwanza, yaani adui mkubwa anayekuzibia njia, aliyekumaliza kwa mapigo matatu utakutana naye tena baada ya wiki kadhaa ukampita bila kugusa dawa. Mapigo yake hayajapungua hata moja. Ishara zake zimeingia mwilini mwako, na vidole vinajibu kabla hujawaza.

Kasi yenyewe inaongeza nini? Si ingetosha gemu kuwa ngumu tu?

Ugumu peke yake unamfanya mchezaji awe mwoga. Anatambaa, anachungulia kila kona, anasubiri adui aje. Gemu nzuri za kasi zinaandika sheria zinazolipa ujasiri, na Dead Cells ni somo zima katika hilo.

Kwanza, kuna milango inayofungwa kwa saa. Ukifika ndani ya muda uliowekwa unapata dhahabu, seli (ndizo unazobadilisha na silaha mpya) na nguvu. Ukichelewa unaukuta umefungwa. Pili, ukipigwa, sehemu ya damu uliyopoteza inabaki na rangi ya chungwa kwa muda mfupi, na ukimpiga adui haraka unairudisha. Fikiria maana yake: wakati ule ambao silika inakuambia kimbia, sheria inakuambia ingia. Tatu, ukiua maadui kadhaa kwa mfululizo, mwendo wako unaongezeka, kwa hiyo kasi inazaa kasi. Mchezaji anayeelewa mambo haya hachezi kama anayetoroka gereza. Anacheza kama mwenye nyumba.

Hades inafika hapohapo kwa njia nyingine. Zagreus, shujaa wake, anapochomoka kwa kasi kutoka upande mmoja hadi mwingine, kwa kitambo kidogo hakuna kinachoweza kumdhuru. Kitufe kimoja ni kinga, usafiri na njia ya kumkaribia adui kwa pamoja, na baada ya saa chache unakibonyeza bila kujua umekibonyeza.

Kuna pia hisia ya pigo, jambo ambalo watu wengi hulipita bila kuliona. Jan Willem Nijman wa studio ya Vlambeer ya Uholanzi, waliotengeneza Nuclear Throne, alitoa mhadhara mwaka 2013 ambamo alianza na gemu kavu ya kufyatua risasi, kisha akaongeza ufundi mdogo mdogo mmoja baada ya mwingine: risasi kubwa zaidi, skrini inayotikisika, bunduki inayomsukuma nyuma mpigaji, picha inayoganda kwa kitambo kifupi pigo linapotua. Sheria za gemu zilikuwa karibu zilezile, lakini hadi mwisho wa mhadhara ilikuwa imegeuka kitu unachotamani kukishika. Picha 60 kwa sekunde maana yake kila picha inaishi chini ya sehemu 17 za elfu za sekunde. Kuigandisha picha chache tu kunatosha mkono uamini kwamba upanga umegonga mfupa.

Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi aliandika tangu miaka ya 1970 juu ya hali ya mtu kuzama katika shughuli hadi akasahau muda. Masharti yake yanajulikana: lengo lililo wazi, jibu la papo hapo, na ugumu unaolingana na uwezo. Gemu hizi zinayatimiza yote kwa dakika 40 mfululizo. Kasi inafanya kazi moja zaidi: haiachi nafasi kichwani kwa wazo jingine lolote. Wanaotoka kazini wamechoka hawaji kwenye Dead Cells licha ya kelele zake. Wanakuja kwa sababu kelele hizo zinafunika nyingine zote.

Ramani ikibadilika kila mara, ninajifunza nini?

Unajifunza kanuni. Katika Dead Cells vyumba havizuki hovyo. Vimechorwa na mikono ya watu, na programu inaviunganisha kwa kufuata mpango wa kila eneo: umbali wa mlango wa kutokea, mahali pa hazina, mahali pa duka. Mpangilio wa maeneo haubadiliki. Kila mara unaanza gerezani, kila mara kuna njia zaidi ya moja ya kutoka, na kila eneo lina maadui wake. Kwa hiyo baada ya muda unaingia chumba ambacho hujawahi kukiona na unakijua. Mchezaji mzuri wa bao hakariri mchezo wa jana. Anazijua kete, na akiona namna zilivyokaa leo anajua pa kuanzia.

Ndiyo maana siwashauri wanaoanza kutazama video za kila siri kabla ya kushika gemu. Mnajinyima sehemu tamu zaidi.

Lakini si bahati tu? Mara nyingine napewa silaha nzuri, mara nyingine takataka.

Bahati ipo, na haina usawa kutoka gemu moja hadi nyingine. Lakini angalia jinsi inavyoletwa. Hades kwa kawaida inakupa baraka tatu za mungu mmoja na kukuambia chagua moja. Dead Cells inakupa vitabu vya nguvu vya rangi tatu, wekundu wa ukali, zambarau ya mbinu na kijani cha uvumilivu, na wewe ndiye unayeamua raundi hii ielekee wapi. Nasibu inaleta viungo. Mseto ni wako. Wachezaji waliokomaa wanashinda raundi baada ya raundi wakiwa na vitu tofauti kabisa, jambo lisilowezekana kama yote yangekuwa bahati.

Spelunky ya kompyuta, mwaka 2013, ilipata njia nzuri ya kulithibitisha: changamoto ya siku. Wachezaji wote duniani wanapewa ramani ileile, kila mmoja nafasi moja. Jedwali la alama la siku hiyo linakuonyesha kwamba mmoja ameangukia mwanzoni na mwingine amefika mwisho, na bahati yao ilikuwa moja.

Nikishinda, ni mimi niliyeshinda au ni nguvu za kudumu nilizolimbikiza?

Hili ndilo swali bora kwenye ukurasa huu, na kila gemu inalijibu tofauti.

Rogue Legacy inaegemea sana kwenye nguvu. Ukoo wako unapokua, namba zinakua, na bosi aliyekushinda kizazi cha tatu anaweza kuanguka kizazi cha kumi na tano kwa sababu sasa upanga wako unakata zaidi. Hades iko katikati: kioo kilichomo chumbani mwa Zagreus kinampa nguvu za kudumu, lakini ukishafanikiwa kutoroka, gemu inakuletea mkataba wa adhabu ambao unautumia kujiongezea ugumu kwa hiari, kipengele kwa kipengele. Dead Cells inaegemea zaidi upande wa kuongeza aina za silaha. Seli unazokusanya unampelekea Mkusanyaji kati ya eneo na eneo, na mara nyingi unachofungua ni silaha mpya inayoongezwa kwenye orodha ya vitu unavyoweza kukutana navyo. Seli ambazo hujazitumia ukifa zinapotea, kwa hiyo hata kulimbikiza kuna hatari yake. Na unaposhinda, unaweza kupata seli ya bosi inayofungua ngazi ngumu zaidi. Ziko tano. Ngazi ya tano haitanii, na hapo hakuna nguvu ya kudumu itakayokubeba.

Msimamo wangu uko wazi: gemu inayokuza namba peke yake inakuazima ushindi, na gemu inayokuza mkono inakupa. Lakini sidharau nguvu za kudumu kabisa. Kwa mwezi wa kwanza zinamshika mkono mtu ambaye bila hizo angeondoka kabla hajaona raha iko wapi.

Hadithi inawezaje kuwepo kwenye gemu ya kufa na kuanza upya?

Kwa muda mrefu ilikuwa kama haiwezekani. Hades, iliyotengenezwa na Supergiant Games ya San Francisco, ilipata jibu kwa kufanya kifo kuwa sehemu ya hadithi yenyewe. Zagreus ni mwana wa mungu wa kuzimu katika visasili vya Wagiriki. Anajaribu kutoroka nyumba ya baba yake, na akifa anarudi pale pale kwa sababu kuzimu ndiko kwao. Anaibuka kutoka kwenye bwawa la damu, na waliomo nyumbani wana maneno mapya: mmoja anamtania, mwingine anauliza nani amemuua safari hii, mwingine anampa zawadi. Unakufa kisha unashangaa kwamba hujakasirika, kwa sababu ulitaka kujua Achilles, mmoja wa waliomo nyumbani humo, atasema nini.

Hata ushindi wa kwanza si mwisho. Inabidi afike juu mara kumi ndipo hadithi kuu ikamilike. Gemu hiyo ilitoka rasmi Septemba 2020, na mwaka 2021 ikapata tuzo ya BAFTA ya Uingereza ya gemu bora na tuzo ya Hugo, ambayo kwa desturi ni ya fasihi ya kubuni ya kisayansi na fantasia. Ilistahili zote mbili.

Vampire Survivors ni kutembea tu, silaha zinajipiga zenyewe. Inafanya nini kwenye kundi hili?

Imechukua kila kitu ikaacha kimoja. Ukwepaji upo, uchaguzi wa silaha upo, mseto upo, raundi ya dakika 30 ipo, nguvu za kudumu zipo. Kilichoondolewa ni kitufe cha kupiga. Ukiichezea dakika tano utaidharau. Ichezee hadi dakika ya 20, ukiwa umezungukwa na mamia ya maadui na njia ya kupita ni upana wa mwili wako, halafu uniambie kama mikono yako imetulia.

Luca Galante, Mwitaliano anayeishi Uingereza, aliianza peke yake. Iliuzwa chini ya dola 3 ilipotoka kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, Desemba 2021 ikiwa bado haijakamilika, na mwaka 2023 ikachukua tuzo ya BAFTA ya gemu bora mbele ya Elden Ring na God of War Ragnarök, zilizotengenezwa na mamia ya watu.

Je, kuna hatari ya uraibu?

Ipo, na asiwepo wa kukudanganya. Majaribio ya mwanasaikolojia B. F. Skinner kwa njiwa na panya yalionyesha zamani kwamba zawadi inayokuja bila mpangilio unaotabirika inamfanya mnyama aendelee kubonyeza kuliko inayokuja kila mara. Mashine za kamari zimejengwa juu ya jambo hilo, na kila sanduku la hazina kwenye rogulaiti lina chembe yake. Galante mwenyewe aliwahi kufanya kazi kwenye sekta ya gemu za kamari, na ukitazama masanduku ya Vampire Survivors yanavyofunguka kwa taa na muziki utaona ujuzi huo umetoka wapi.

Tofauti iko kwenye mfuko wako. Vampire Survivors inakuonyesha taa zile bila kukuomba shilingi kwa kila sanduku. Gemu za bure za simu ndizo za kutazamwa kwa makini. Archero ya 2019, kwa mfano, ina ufundi mzuri wa kukwepa, lakini inakupimia raundi unazoweza kuanza na inauza njia za kuongeza namba. Hapo kufa kwako kunakuwa biashara, na ile sifa niliyoieleza juu, ya kosa ambalo dawa yake iko kidoleni, inaharibika: dawa imehamia dukani.

Kwa upande wa muda, hatari kubwa ni raundi ya "moja ya mwisho". Kwa kuwa kuanza upya ni kwepesi, hakuna mahali gemu inakuambia sasa inatosha. Panga mwenyewe kabla ya kuwasha, na upange kwa raundi wala si kwa saa, maana kukatiza raundi nzuri katikati ni kugumu kuliko kutoanza nyingine. Ukijikuta unacheza huku umekasirika, zima. Mkono wenye hasira haujifunzi.

Raundi inachukua muda gani? Na umeme ukikatika?

Raundi ya ushindi ya Hades au Dead Cells ni kati ya nusu saa na saa moja. Za kushindwa mara nyingi ni fupi zaidi. Ukitoka katikati kwa utaratibu, raundi ya Dead Cells inakusubiri, na Hades inakurudisha mwanzo wa chumba ulichokuwamo.

Si zote zenye huruma hiyo. Returnal ya PlayStation 5 ilipotoka Aprili 2021 haikuwa na njia ya kuhifadhi raundi katikati, na raundi zake zinaweza kufika saa mbili. Malalamiko yalikuwa mengi, na Oktoba mwaka huohuo wakaongeza njia ya kusimamisha. Kwa sisi ambao umeme unaweza kuondoka bila kuaga, hilo ni jambo la kuuliza kabla ya kununua.

Nina simu tu. Nianzie wapi?

Vampire Survivors iko kwenye simu tangu Desemba 2022, bure, na matangazo unayaona ukichagua mwenyewe. Ni mlango mwepesi na haihitaji mkono wa haraka. Soul Knight ya studio ya Kichina ChillyRoom, ya mwaka 2017, ni bure pia, inachezeka bila bando, na mnaweza kucheza watu kadhaa mkiwa kwenye Wi-Fi moja, hata ile ya kuwashwa kwenye simu ya mmoja wenu.

Dead Cells kwenye simu, iOS tangu 2019 na Android tangu 2020, inalipiwa mara moja. Vitufe vya kwenye kioo unaweza kuvihamisha na kuvikuza, na kuna namna ya kucheza ambamo mhusika anapiga mwenyewe adui akikaribia. Hata hivyo, ukipata pedi ya Bluetooth utaiona gemu nyingine kabisa.

Mikono yangu ni mizito na umri umeenda. Bado kuna nafasi yangu?

Ipo, bila aibu yoyote. Hades ina hali iitwayo God Mode: unaanza ukiwa na kinga ya asilimia 20, na kila unapokufa inaongezeka asilimia 2 hadi ifike 80. Dead Cells iliongeza mipangilio ya usaidizi mwaka 2022: unaweza kupunguza nguvu za maadui, kupunguza kasi ya mitego, na kujipa nafasi ya kuendelea baada ya kufa. Viwashe. Mtu anayekuambia hiyo si kucheza kweli hakulipia gemu yako.

Mwanangu anaomba. Nimruhusu?

Inategemea ipi. Hades imepewa umri wa miaka 12 kwa kipimo cha Ulaya, Dead Cells 16. The Binding of Isaac isikudanganye kwa michoro yake ya kitoto: ni hadithi ya mama anayetaka kumuua mwanawe, na haimfai mtoto. Soul Knight inafaa wengi, ila funga njia ya malipo kwenye simu.

Kuna yenye Kiswahili?

Kwa rogulaiti kubwa nilizozitaja, hapana. Ya karibu ni Tales of Kenzera: ZAU ya 2024, iliyoongozwa na Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya. Inazungumza Kiswahili na imejengwa juu ya simulizi za Kibantu. Si rogulaiti, ramani yake haibadiliki. Lakini ina mwendo wa kasi wa kuruka na kupiga ambao mpenzi wa Dead Cells ataufurahia, na kumsikia mganga akisema nawe kwa lugha yako katikati ya pambano ni jambo ambalo ningependa studio nyingi zaidi zilifanye.

Ni nani hao waliotengeneza Dead Cells?

Motion Twin, ushirika wa wafanyakazi wa Bordeaux, Ufaransa. Hakuna bosi, na mishahara ni sawa kwa wote. Gemu ilianza kama wazo la kulinda mji dhidi ya maadui, ikageuka njiani. Waliitoa ikiwa haijakamilika Mei 2017, wakasikiliza wachezaji mwaka mzima, wakaikamilisha Agosti 2018, na mwisho wa mwaka huo ikashinda tuzo ya gemu bora ya vitendo (Best Action Game) kwenye tuzo za The Game Awards. Baadaye kazi ya kuiendeleza ikachukuliwa na Evil Empire, studio iliyotokana na haohao, hadi mabadiliko ya mwisho mwaka 2024.

Nimekwama kwa bosi wa kwanza wa Dead Cells, yule wa darajani. Nifanyeje?

Kwanza, acha kukimbilia milango ya saa kwa sasa. Ni ya baadaye. Pekua kila eneo, kwa sababu vitabu vya nguvu unavyoviacha nyuma ndivyo vinavyokufanya ufike darajani ukiwa dhaifu. Pili, chagua rangi moja na kuishikilia; ukigawa vitabu kwenye rangi tatu, hakuna silaha yako itakayouma. Tatu, chukua kitu kinachopiga bila wewe, kama mtego au bunduki ya kusimikwa, ili uwe na muda wa kumtazama.

Kisha mtazame kweli. Raundi yako ijayo, nenda ukiwa umekubali kufa, na usimpige kwa dakika nzima. Anaporuka, bingirika upite chini yake kabla hajatua. Anapopiga kwa mfululizo, bingirika kupita mwilini mwake utokee mgongoni, usirudi nyuma, maana mapigo yake yanafika mbali kuliko hatua zako. Akijizungushia nguvu inayoumiza, kaa mbali hadi iishe. Baada ya kila mfululizo wake kuna mwanya. Piga mara mbili tu, si tatu, kisha rudi kumsubiri.